Kulaza Bila Kuzima

Maharage ya Kasense, hapa Sumbawanga, huchelewa kuiva, na mpishi hana kosa. Mji wa Sumbawanga umekaa mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku Ufipa maji huchemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100 za Tanga au Dar es Salaam. Hewa ya juu ni nyepesi, haiyakandamizi maji ya sufuriani kwa nguvu ileile ya pwani. Mama anayelijua jiko lake huongeza kuni na muda, shughuli ikaisha. Ila hewa hiyohiyo ndiyo tunayoivuta. Kila pumzi ya mtu wa Kasense ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pumzi ya mtu aliyeketi Kigamboni. Mwenyeji haoni taabu yoyote, damu yake imeshazoea, na milima ya Mbizi anaipanda na mzigo kichwani. Upungufu huo hukaa kimya mpaka siku atakapolazwa kwenye kitanda cha hospitali, apewe dawa ya usingizi, na pumzi zake ziwe chini ya uangalizi wa mtu mwingine.

Hapo ndipo inapoanzia kazi ninayotaka kuisifu: kazi ya mtaalamu wa usingizi anayemtuliza mtu mnene ili apitishiwe mpira wa endoskopi. Haina kisu, na damu ni haba. Ukichungulia utaona mgonjwa amelala ubavu wa kushoto, sindano mbili tatu zimepigwa, skrini inaonyesha nyama ya rangi ya waridi, na baada ya robo saa watu wanakusanya vitu vyao. Kilichokuwa kati ya sindano ya kwanza na ya pili, yaani kule kungoja, hakionekani, na ufundi wenyewe uko humo.

Mpira huo una unene wa kidole kidogo cha mkono. Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliumeza yeye mwenyewe mpira wa nyuzi za kioo aliousanifu kabla ya kumpitishia mgonjwa. Leo daktari anautazama umio, mfuko wa tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba bila kupasua, anakata kipande cha nyama cha kupeleka maabara, anafunga mshipa unaovuja. Kwa Afrika Mashariki, ambako saratani ya umio huwakamata watu wengi kuliko sehemu nyingi za dunia, hakuna anayeweza kukiita kipimo hiki anasa. Tatizo ni kwamba mpira unapita mlangoni pa hewa. Mdomo na koo ni njia moja ya chakula na pumzi, na kwa dakika zote hizo daktari wa tumbo na mtaalamu wa usingizi wanagombea mlango mmoja: huyu anataka upite mpira, yule anataka ipite hewa.

Kati ya mtu aliye macho kabisa na mtu aliyepigwa nusu kaputi kuna ngazi nyingi. Ipo ya kwanza, ambapo mgonjwa ametulia lakini ukimwita anajibu. Ipo ya pili, ambapo hajibu mpaka umtikise. Ipo ya tatu, ambapo hata umfinye hana habari, na huko koo limeshalegea na pumzi zinaanza kukatika. Endoskopi hutaka ngazi ya kwanza au ya pili. Mashaka ni kwamba ngazi hizo hazina alama. Dozi inayomfikisha huyu ngazi ya kwanza inaweza kumtumbukiza mwenzake ya tatu, na hutajua ni yupi mpaka dawa iwe imeshaingia.

Mtu akiwa mnene sana, makosa madogo hupata bei kubwa. Akilala chali, tumbo husukuma kiwambo juu, na mapafu hubaki na akiba ndogo ya hewa. Mchukue mtu mwembamba mwenye afya, mvutishe oksijeni safi mpaka mapafu yajae, kisha aache kupumua: zitapita kama dakika 8 kabla oksijeni ya damu yake haijashuka hadi asilimia 90. Mnene sana, kwa maandalizi yaleyale, hapati hata 3. Hizo ni hesabu za usawa wa bahari. Mlete mgonjwa huyo huku juu, ambako akiba ya kuanzia tayari ni pungufu, na muda wa kurekebisha kosa unazidi kuminyika. Tena wanene wengi hukoroma kwa sababu mafuta yamelibana koo kwa ndani. Wapo ambao pumzi zao hukatika mara nyingi kila usiku bila wao kujua, ubongo ukawashtua wakavuta tena. Ukimpa mtu wa namna hiyo dawa nzito, umeufunga mdomo wa mlinzi wake wa usiku.

Si mgonjwa wa nadra huyu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 uliwakuta wanawake 28 kati ya kila 100 wa Tanzania, wenye miaka 15 hadi 49, wakiwa na uzito uliozidi au unene. Anayesoma kazi ya usingizi leo ajiandae kukutana naye kila wiki.

Basi fundi huanzia wapi? Huanzia kwenye mizani. Nilipata ruhusa ya kumtazama mmoja akiwa kazini, katika hospitali moja ya nyanda hizi za juu. Ni muuguzi wa usingizi, mama wa makamo, mwenye sauti ya chini na asiyependa kuharakishwa. Mgonjwa wake alikuwa mama mwenye umri wa kumzaa, amekuja kwa kiungulia kisichosikia dawa na chakula kinachokwama. Walisalimiana kwanza, shikamoo na marahaba, habari za nyumbani, habari za mvua. Kisha akaonyeshwa mizani.

“Mwanangu, nilipimwa mwaka jana,” mgonjwa akasema.

“Najua, mama. Lakini dawa ni ya leo, na kilo ninazotaka ni za leo.”

Mshale wa mizani ulisoma kilo 115. Urefu ulikuwa sentimita 160. Akaandika vyote viwili juu kabisa ya karatasi, kwa herufi kubwa, kabla hajauliza neno jingine. Ukiona ni jambo dogo, kumbuka Joan Rivers, mchekeshaji wa Marekani, ambaye Agosti 2014, akiwa na miaka 81, alipatwa na balaa kwenye kliniki moja ya New York wakati wa endoskopi, akiwa amepewa dawa ya usingizi iitwayo propofoli. Alikufa wiki moja baadaye. Wakaguzi wa serikali waliopekua faili lake walikuta mapungufu kadhaa, na mojawapo ni hili: uzito wake haukuandikwa kabla ya dawa.

Baada ya mizani yakaja maswali. Unakoroma? “Mume wangu ndiye anayesema,” mama akajibu, chumba kikacheka. Je, anasema kwamba wakati mwingine unanyamaza halafu unashtuka kama mtu aliyekabwa? Hapo mama hakucheka; akasema ndiyo, na ndiyo sababu analalia mito mitatu. Presha? Anayo, anameza vidonge. Umekula lini? Jana usiku. Maji? Alfajiri, kidogo tu. Kuna sindano zozote za kupunguza mwili unazochoma? Hilo ni swali jipya mjini. Tangu 2023 wataalamu wa usingizi duniani wamekuwa wakiliuliza, kwa sababu dawa hizo huchelewesha chakula kutoka tumboni, na mtu aliyefunga tangu jana anaweza kuwa bado ana shehena. Kisha akamwambia mama afungue mdomo na kutoa ulimi, akatazama kama kilimi kinaonekana. Kipimo hicho kilipangwa na daktari Mallampati mwaka 1985, hakina gharama yoyote, nacho humwambia fundi jinsi itakavyokuwa vigumu kuingiza bomba la hewa mambo yakienda kombo.

Akaifunga mashine ya presha mkononi, akaitazama, akaifungua. Mkanda ulikuwa mwembamba kwa mkono ule, na mkanda mwembamba hutoa presha kubwa ya uongo. Akautafuta mpana. Nilimwona akipoteza dakika nzima kwa ajili ya mkanda, wakati daktari wa tumbo ameshavaa glavu na anamtazama. Hakugeuka.

Sasa hesabu. Katika kilo zile 115, ni ngapi zinazoihusu dawa? Mafuta ya mwili yana damu kidogo. Dawa ikichomwa mshipani hukimbilia kwanza kule damu inakokwenda kwa wingi, yaani ubongo, moyo, ini na figo, na mafuta hupata mgao wao baadaye, taratibu. Kwa hiyo ukimpa mnene dozi ya mwanzo kwa kila kilo aliyonayo, ubongo wake, ambao haukunenepa, utapokea mzigo wa watu wawili. Fundi huondoa mafuta na kuhesabu kinachobaki: misuli, mifupa, damu na viungo. Kwa mama yule, kanuni inayotumika sana hutoa kilo 54. Hebu tazama pengo hilo. Propofoli ya kuanzia, tuseme nusu miligramu kwa kilo, ingekuwa 57.5 kwa uzito wote, lakini ni 27 kwa uzito usio na mafuta. Ya kwanza yaweza kumzimisha mtu ambaye ya pili ingemsinzisha tu.

Wala hesabu haiishii hapo, maana mafuta hayasahau. Midazolamu, dawa nyingine ya kutuliza, hupenda mafuta. Hujipenyeza humo, ikakaa, kisha ikarudi kwenye damu polepole. Dozi ndogo ya mara moja haina shida kubwa. Ukiirudia na kuirudia, unaweka akiba ambayo mgonjwa ataitumia jioni akiwa nyumbani, amelala chali, mume wake akidhani ni uchovu. Dozi ya kuanza huhesabiwa kwa mwili mdogo, na kuamka hutegemea mwili mkubwa. Hilo ndilo fumbo la mnene, na anayelijua huchagua dawa fupi kila zinapopatikana.

Dawa zenyewe kila moja ina tabia yake. Propofoli ni nyeupe kama maziwa, kwa kuwa imechanganywa na mafuta ya soya na kiini cha yai. Aliyeivumbua ni Mskoti aitwaye John Glen, daktari wa mifugo kwa elimu yake, ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1986, na mwaka 2018 akapewa tuzo ya Lasker kwa kazi hiyo. Hulaza chini ya dakika moja, huachia ndani ya dakika chache, na mtu huamka akiwa mchangamfu. Ubaya wake: hushusha presha, hukata pumzi bila kupiga hodi, na haina dawa ya kuitengua. Ukiizidisha, kazi yako ni kumpumulia mgonjwa mpaka iishe yenyewe.

Midazolamu huondoa hofu na kufuta kumbukumbu; mgonjwa akiamka atauliza mtaanza lini. Ina dawa ya kuitengua, flumazenili, lakini hiyo nayo huisha upesi kuliko midazolamu yenyewe, kwa hiyo aliyeamshwa anaweza kuzama tena. Fentanili, aliyoitengeneza Paul Janssen wa Ubelgiji kuelekea 1960, huua maumivu na kutuliza koo linalotaka kutapika, ila huuambia ubongo usahau kuvuta hewa. Nayo ina mkombozi wake, naloksoni. Pethidini ni ya tangu enzi za wazee wetu, hufanya kazi ileile, lakini huchelewa kuanza na huchelewa kuondoka.

Kisha ipo ketamini, rafiki wa hospitali zisizo na mengi. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, haihitaji mashine, na imebeba upasuaji wa vijijini Afrika kwa miaka mingi. Inalaza na kuua maumivu huku pumzi kwa kawaida zikiendelea na presha ikisimama imara. Ukisikia hayo utadhani jibu la mnene limepatikana. Subiri kidogo: ketamini huongeza mate, na mate kooni, pamoja na mpira, yanaweza kulifanya koo lijifunge ghafla. Hupandisha presha, na mama wetu anameza vidonge vya presha. Humpa mtu ndoto za kutisha. Hakuna dawa isiyodai malipo.

Kwa kuwa kila moja ina deni, watu huzichanganya ili kila moja itumike kidogo. Ni wazo zuri, lakini lina mtego. Mwaka 1990 Peter Bailey na wenzake huko Marekani waliwachukua watu 12 wenye afya waliojitolea. Walipowapa midazolamu peke yake, pumzi zao hazikupata shida ya maana. Walipowapa fentanili peke yake, 6 walishuka oksijeni, lakini hakuna aliyeacha kupumua. Walipowapa zote mbili, 11 walishuka oksijeni na 6 wakaacha kupumua. Dawa hizo mbili zikikutana, madhara yake kwa pumzi hayajumlishwi kama shilingi kwa shilingi, yanazidishana. Na wale walikuwa wazima, hakuna mnene mwenye koo lililobanwa kati yao.

Ndiyo maana nasema kuchagua mchanganyiko ni kuchagua hatari unayoiweza. Kwa mgonjwa asiyekoroma, mwenye hofu nyingi, midazolamu kidogo na fentanili kidogo zaweza kumtosha, na zote mbili zina dawa za kutengua kabatini. Kwa anayekoroma na kukabwa, fundi hupunguza fentanili au huiacha kabisa; kazi yake huipa ganzi ya lignokeini inayopulizwa kooni, ambayo haimsinzishi mgonjwa. Kwa mwenye presha ya kushuka au moyo mchovu, propofoli hutolewa kwa uchoyo, na ketamini kidogo huwekwa kando yake, moja ikivuta presha chini na nyingine ikiisukuma juu, zikutane katikati. Mahali penye fedha ipo deksmedetomidini, inayolaza huku pumzi zikibaki, ingawa hupunguza mapigo ya moyo na ni ghali. Na wapo wagonjwa ambao chaguo bora kwao ni kutopewa kitu: ganzi ya koo, mkono wa kushikwa, na mtu wa kuwaambia meza, vuta pumzi kwa pua, bado kidogo. Wengi nchini hupimwa hivyohivyo, na kwa mnene mwenye koo la mashaka fundi anaweza kulichagua hilo kwa makusudi, na wala si kwa kukosa dawa.

Kwa mama wa kilo 115, mtaalamu wangu aliamua hivi: ganzi ya koo kwa ukamilifu, midazolamu miligramu 1 basi, fentanili hapana, na propofoli miligramu 20, kisha 10, kisha 10, kadiri itakavyohitajika. Ketamini akaivuta kwenye bomba, akalibandika karatasi yenye jina na kipimo, akaiweka pembeni. “Huyo ni wa akiba,” aliniambia. “Nikimwita ni kwa sababu presha imeshuka.” Kila bomba lilikuwa na jina lake. Dawa nyeupe huijui kwa kuwa ni nyeupe. Unaijua kwa kuwa imeandikwa.

Kabla ya tone lolote, alimjengea mama kitanda. Hakukuwa na mto maalumu. Alikunja mablanketi, na huku kwetu kwenye baridi mablanketi hayakosekani, akayapanga kwa ngazi kutoka chini ya mabega hadi kichwani, mpaka tundu la sikio likalingana na kile kishimo kilicho juu ya mfupa wa kifua. Akainua upande wa kichwa. Mwaka 2005 watafiti wa Australia waliwalinganisha wanene sana waliopewa oksijeni wakiwa wamelala bapa na walioinuliwa nyuzi 25: walioinuliwa walipata wastani wa sekunde 201 kabla oksijeni haijashuka, waliolala bapa 155. Kuinua tu upande wa kichwa kunanunua sekunde 46. Kisha akamvutisha oksijeni dakika kadhaa, na hapo tu ndipo akamgeuza ubavu na kumwekea kizuizi cha meno.

Akachoma midazolamu. Akatazama saa ya ukutani. Dakika ya kwanza ikapita, daktari wa tumbo akageuza geuza mpira wake. Dakika ya pili ikapita. Mama akapepesa macho, akayafumba, akayafumbua. Fundi anayeanza angeona dawa haijafanya kazi na kuongeza. Yeye alimwuliza mama jina la mjukuu wake, akasikiliza jinsi ulimi unavyoanza kuwa mzito, akangoja tena. Midazolamu huchukua dakika kadhaa kufika kileleni. Anayeongeza mapema anajipangia dozi mbili kugonga mlango kwa pamoja. Baadaye akachoma propofoli 20, akahesabu hadi dakika moja na nusu, akagusa kope. Ikatikisika kidogo. “Bado,” akasema. Akaongeza 10. Akangoja. Akanyanyua taya kwa vidole viwili, akamwashiria daktari kwa kichwa, na mpira ukaingia.

Kilichofuata ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Mkono mmoja ulibaki chini ya taya, na mwingine aliulaza juu ya tumbo la mama, upande wa mbavu, nao haukuondoka. Kidoleni mwa mgonjwa kulikuwa na oksimita, kifaa ambacho chimbuko lake ni Takuo Aoyagi wa Japani katika miaka ya 1970, na ambacho kimeokoa watu wengi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Kilisoma 98, kikalia kwa mdundo mzuri. Nikamwuliza kwa nini hakiamini.

“Nakiamini,” akajibu bila kunitazama, “lakini kinachelewa. Nimempa oksijeni puani. Akiacha kupumua sasa hivi, hii itaendelea kusoma 98 kwa muda. Ikianza kushuka, habari imeshakuwa ya zamani. Mkono unaniambia sasa.”

Hospitali zenye mashine ya kupima hewa ya kaboni inayotoka mdomoni huliona jambo hilo kwenye skrini, mstari unapolala. Pasipokuwa na mashine, kiganja kinatosha kwa mtu aliyekifundisha. Mara moja kiganja chake kilitulia. Skrini ilikuwa bado 98. Akasukuma taya mbele, akamwita mama kwa jina, kifua kikapanda tena. Daktari wa tumbo hakujua kama kuna kitu kimetokea, wala hakuambiwa.

Ufundi huu unakutana na mambo makubwa zaidi pale Mloganzila, kwenye Hospitali ya Taifa Muhimbili. Huko, miaka hii ya karibuni, wagonjwa wenye unene uliopitiliza huwekewa puto tumboni kwa njia ya endoskopi ili washibe mapema na kupungua. Puto huingizwa likiwa limekunjwa, kisha hujazwa maji ya chumvi, kwa kawaida nusu lita hivi, yaliyotiwa rangi ya bluu. Likipasuka siku moja, mkojo hugeuka rangi na mgonjwa anajua. Huko kila anayelala kitandani ni mgonjwa wa somo letu, na mafuta ndiyo sababu ya yeye kuja. Siku ya kutoa puto, miezi kadhaa baadaye, ni siku nyingine ya maamuzi. Tumbo lenye puto humwaga chakula polepole, na mabaki yanaweza kupanda na kuingia mapafuni kwa mtu aliyesinzia nusunusu. Ndiyo maana wengi huwapa wagonjwa hao vyakula vya majimaji tu kabla ya siku hiyo, na mtaalamu anaweza kuamua kwamba hakuna mchanganyiko wa kutuliza unaofaa: apewe nusu kaputi kamili, bomba la hewa likiwa limefungiwa kooni, mlango umekabidhiwa. Kulijua hilo nako ni ufundi. Anayezisifu dawa zake mpaka akashindwa kuziacha hajafuzu.

Ukitaka kumjua aliyefuzu, mwangalie mpira ukishatoka. Kichocheo kimeondoka, hakuna tena kitu kinachomwasha mgonjwa koo, ilhali dawa bado zimo. Dakika hizo ni za hatari kuliko mtu anavyodhani, na ndizo ambazo chumba huanza kupiga soga. Mama aliwekwa nusu-kukaa, oksijeni ikabaki puani, mkono ukabaki tumboni. Alipoitwa akafumbua macho na kuuliza kama wataanza. Alikaa chini ya uangalizi muda mrefu kuliko mwembamba aliyemtangulia, na mwanawe aliyemfuata aliambiwa mambo matatu: usiku wa leo asilale chali, asimeze dawa yoyote ya usingizi wala kugusa pombe, na asiachwe peke yake chumbani.

Mwisho akaandika. Midazolamu 1. Propofoli jumla 30, kwa mafungu. Ketamini haikutumika. Pumzi zilikatika mara moja, taya ilisukumwa. Mablanketi manne. Kilo 115, juu kabisa. Akainakili karatasi hiyo kwenye daftari la kliniki la mama na kumwambia aitunze, popote atakapolazwa tena amwonyeshe mtu wa usingizi kabla hajavuta dawa. Atakayeisoma, awe Mbeya au Dar es Salaam, hataanza na kubahatisha. Ataanza na kilo 54 zilizojificha ndani ya 115, na koo ambalo limeshawahi kufunga. Nasi tunaopeleka wazazi wetu kwenye vipimo hivi tuna maswali mawili ya kuuliza kabla ya kutia saini: amepimwa uzito leo, na ni nani ambaye kazi yake peke yake itakuwa kutazama pumzi zake? Fundi wa kweli hakasiriki kuulizwa. Yule niliyemtazama angekujibu kabla hujamaliza swali.